Betri Isiyo ya Kamera Yangu

Shangazi yangu wa Koboko, aliyenilea, alikataa kupigwa picha miaka mingi. Picha yake ya harusi ilipotea walipokimbilia Kongo wakati wa vita, na tangu hapo alisema hakuna maana ya kupiga nyingine. Kwa hiyo aliponipigia simu Arua ninakoishi na kusema, "Kuja Jumamosi, mimi iko tayari," sikutaka abadili mawazo.

Shida ilikuwa betri. Ile halisi ya kamera yangu ilikuwa imekufa, na mpya ya kampuni haikupatikana Arua. Nilikuwa nimenunua ya kuiga sokoni. Kamera ilikuwa ikinionya kila nilipoiwasha kwamba haiitambui, nami nilikuwa nimezoea kubonyeza sawa na kuendelea.

Jumamosi nilimkuta amevaa gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi, na ananukia udi. Aliketi kwenye kiti mlangoni, mikono magotini. Kioo cha kamera kilionyesha betri imejaa. Nikabonyeza, kamera ikazima. Nikaitoa betri, nikaisugua kwenye shati, nikairudisha. Giza.

"Basi nikupige na simu," nikamwambia.

"Simu hapana. Picha ya simu mnafuta. Mimi nataka ya karatasi." Kisha akacheka. "Kamera yako inaogopa uso yangu."

Nikamwahidi kurudi Ijumaa.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi wa redio pale Arua. Alipasua ile betri halisi iliyokufa, akanionyesha kibao chembamba ndani yake. "Hii ndiyo inaongea na kamera," alisema. "Tunaacha hii, tunatoa ile imeoza." Akaunga nyaya mbili kutoka kwenye kibao hicho hadi kwenye seli za kompyuta mbovu, akazifunga kwa utepe mweusi, akazitia kwenye mfuko wa kuvaa kiunoni. Kamera ikawaka bila kulalamika. Niliipiga picha meza yake zaidi ya mara mia. Haikuzima.

Alhamisi binti wa shangazi alinipigia simu. Mama yake alikuwa ameanguka jikoni.

Nilipofika, upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea, na maneno hayakumtoka. Binti yake alinivuta pembeni.

"Piga sasa. Kesho tutakuwa na nini?"

Nilisita, kisha nikainua kamera. Shangazi aliona nyaya zikining'inia kiunoni mwangu, akanitazama mimi. Akainua polepole mkono wake mzima, akavuta kitambaa, akajifunika uso.

Nikazima kamera.

"Una roho gani wewe?" binti yake akaniuliza nje. Nilijua ningeweza kusubiri mkono ule uchoke.

Alifariki baada ya siku kumi na moja. Tulimzika alasiri, kukiwa na manyunyu.

Siku ya tatu ya matanga, binti yake alikuja kuketi karibu nami kwenye mkeka. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinichoma zaidi.

"Ile siku ya kwanza," alisema, "alipovaa vizuri. Hakuna hata moja iliingia?"

Nilikuwa nimekwisha kuitazama kadi ya kamera mara nyingi, hata kwenye kompyuta ya rafiki.

"Hakuna."

"Hata mbaya?"

"Hata mbaya."

Akatikisa kichwa, akafunga leso yake vizuri, akaenda kuwasaidia wenzake kuosha masufuria.