Mianga ya Kaskazini, Mama Yangu na Mke Mwenzake

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimefanya safari moja tu ya maana maishani, kutoka Morogoro hadi Johannesburg, kumfuata mwanamume niliyempenda, na nilipofika nikaona imetosha. Zile za kurudi kuwasalimu wazazi sizihesabu. Hizo ni kama kwenda dukani: unachukua ulichofuata, unarudi. Midrand, anakokaa wifi yangu, nusu saa tu kwa gari, kwangu ni safari ya kuaga majirani. Mume wangu husema nikialikwa huko Jumamosi, naanza kuumwa kichwa Jumatano.

Yeye ni mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokaa uhamishoni Morogoro wakingoja nchi yao ifunguke. Kiswahili alikiokota kwenye uwanja wa mpira na jikoni kwetu, na mpaka leo anakizungumza kama mtu anayeomba kuongezewa mboga. Kazi yangu ni kushona mapazia, kazi inayomfaa mtu asiyependa kutoka, kwa sababu madirisha ya watu huja kwangu yenyewe, yameandikwa kwenye karatasi, urefu na upana.

Tunakaa Observatory, mtaa wa mlimani uliopata jina hilo kwa sababu zamani walijenga huku juu nyumba ya darubini, watazame nyota. Nimekaa hapo miaka na miaka bila kutazama hata moja.

"Wenzako walipanda huku kuangalia mbingu," mume wangu hunichokoza. "Wewe umepanda kuangalia tamthilia."

Mungu naye ana utani wake, akanipa binti asiyetulia. Alipomaliza shule, mwaka 2018, akatafuta kwenye simu kazi ya kulea watoto, akaipata kaskazini kabisa mwa Norway, mahali ambapo mwezi wa kumi na mbili jua halichomozi hata kwa bahati mbaya. Mimi kidato cha nne nilifaulu jiografia, lakini tulisoma aina za udongo na mvua za masika. Nchi isiyo na mchana haikuwa kwenye mtihani.

Sikuhuzunika sana kwamba kaenda mbali. Kilichonikaa rohoni ni kingine, nacho kilikuwapo kabla ya Norway. Binti yangu na mama yangu walikuwa hawaongei.

Hawakugombana. Ni kwamba binti alipokuwa na miaka kumi tulimpeleka Morogoro kwa mara ya kwanza, na mama yangu alimpokea jinsi bibi wa kwetu anavyompokea mjukuu wa kike, yaani kwa matusi. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake. Wanagombea mume mmoja, ambaye ni babu, na wanapigana kwa maneno mpaka mmoja achoke. Ndiyo mapenzi yenyewe. Kwa hiyo teksi iliposimama mlangoni, mama akatoka, mikono kiunoni, akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Huyu ndiye aliyetoka kwa Wazulu kuja kuninyang'anya mume? Na vimiguu hivyo vya mishikaki? Rudi kwenu, mume hakutaki!"

Watu wakacheka, wakanyamaza, wakangoja. Ilikuwa zamu ya mtoto. Angesema lolote, hata "bibi, wewe umezeeka, babu kakuchoka," angebebwa juu juu kama bibi harusi. Lakini mtoto wa Johannesburg hakujua kwamba ana zamu. Aliitazama ile miguu yake, akanitazama mimi, kisha akarudi ndani ya teksi na kufunga mlango.

Babu yake alimtoa kwa pipi. Mama yangu hakutolewa na mtu. Alibaki pale kizingitini na uso nisiowahi kumwona nao. Tangu siku ile, kila nikipiga simu Morogoro ilikuwa "shikamoo bibi", "marahaba", na simu inarudi kwangu kama chungu cha moto. Nilimweleza binti ile mila mara nyingi. Alinijibu kwa Kiingereza, kwa maana Kiswahili hukisikia vizuri ila hukijibu kwa lugha ya shule, kwamba hakuna mtu mwenye akili anayemwambia mtoto maneno kama yale.

Babu akatangulia mbele ya haki. Kisha mama akaanza kupata ukungu machoni. Na mke mwenza wake akapanda ndege kwenda upande mwingine wa dunia.

Sasa, jioni moja ya Desemba, ikaingia picha kwenye simu yangu. Anga yote ya kijani, imening'inia juu ya paa lenye theluji, imejikunjakunja na kuishia na mstari wa zambarau. Mtu mwingine angemtaja Muumba. Mimi niliona marinda yamebanana upande mmoja na pindo la chini halijashonwa.

"Nani kashona hili pazia?" nikamwandikia.

Akanipigia palepale, anacheka, meno yanagongana kwa baridi. Akaniambia ndiyo mianga ya kaskazini, na kwamba kuipiga kwa simu ni kazi. Simu lazima itulie kabisa kwa sekunde kadhaa, ukipumua tu picha inakuwa uji. Alikuwa amepiga nyingi za uji kabla ya kupata wazo la kuisimamisha simu ndani ya buti lake la akiba, imeegemea kisigino, kamera inachungulia juu. Betri nayo inakufa kwa baridi, kwa hiyo kati ya picha na picha anaitia kwapani.

Nikaituma picha ile Morogoro, kwa dada yangu anayekaa na mama. Baada ya muda ikaja sauti ya mama mwenyewe, maana amejifunza kubonyeza na kusema.

"Dada yako ananionyesha kitu hapa. Naona ukungu wa kijani ndani ya ukungu wangu. Mimi picha zenu sizitaki. Mwambie mke mwenzangu anieleze kwa mdomo wake. Na akimaliza kunieleza, anitukane. Nimengoja sana."

Nikairudia sauti hiyo mara mbili. Kisha nikamtumia binti bila kuongeza neno, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Kesho yake akaandika, kwa Kiingereza, kwamba Kiswahili chake kibaya na bibi atamcheka. Nikamjibu kwamba ndiyo, atamcheka, hiyo ndiyo shughuli yenyewe. Akaandika neno moja, la Johannesburg la kuguna: "Eish." Halafu baadaye, kwa maana ya sawa: "Sharp. Nikiiona tena nitapiga."

Mianga ikatokea tena jioni moja ambayo kwetu jua lilikuwa halijazama. Mvua ya radi ilikuwa imetoka kupita, umeme umekatwa kwa zamu kama kawaida, tamthilia hakuna, na mimi nipo kwenye kochi nimekasirika. Simu ikalia, ya video, sote watatu. Kwenye kioo kulikuwa na paji la uso la mama yangu, kwa sababu dada hushika simu kama anapima homa. Kulikuwa na mimi, sitaki kusema nilivyokuwa. Na mahali pa binti yangu palikuwa na mraba mweusi.

"Sikuoni," nikasema. "Umeziba kamera kwa kidole?"

"Hapana, Mama. Video haiwezi. Picha inaweza, kwa sababu inakusanya mwanga pole pole. Video inaona giza tu."

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi wako wengi, lakini haya. Uko wapi?"

"Nje. Nyuma ya nyumba. Iko juu yangu sasa hivi."

"Sema basi. Inafanana na nini?"

Nikasikia upepo, nikasikia theluji ikilia chini ya buti. Nikafungua mdomo nimsaidie, kwa sababu kuna maneno nilikuwa nayo tayari, mazuri tu. Mume wangu, aliyekuwa amekaa ubavuni, akanifinya paja.

"Mwache," akaninong'oneza.

"Ni kama moshi," binti akasema.

"Moshi wa nini? Kuna wa kuni, kuna wa mkaa, kuna wa ubani."

"Moshi wa… kwako. Asubuhi. Lile jiko la nje, ukipika chai, kabla watu hawajaamka. Unapanda juu, halafu unalala, halafu unapanda tena."

Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba kutoka safari ile mtoto alirudi na kumbukumbu ya teksi peke yake.

"Rangi?" mama akauliza, kwa sauti ndogo zaidi.

"Kwa macho ni kama majivu. Kijani kidogo tu, pembeni. Lakini nikipiga picha inakuwa kijani kabisa, na ile zambarau. Simu inaona. Mimi sioni sana."

"Ngoja. Umekwenda mpaka mwisho wa dunia, umejifunga mablanketi, na simu yako inaona kuliko wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mke mwenzangu kipofu kama mimi!" mama akapaza sauti, ileile ya mlangoni. "Marehemu katuachia wajane wawili vipofu! Huyu wa kaskazini hata kuolewa tena hawezi, ataona nini?"

Nikafumba macho. Nikaisikia teksi ile, mlango ukifungwa. Ule mraba mweusi ulikuwa mweusi tu, hauna uso wa kusoma, na upepo unavuma humo ndani.

"Bora mimi," sauti ikasema, pole pole, kila neno likiwekwa chini kwa uangalifu. "Mimi ni kipofu mwenye meno."

Simu ya Morogoro ikayumba. Nikaona dari, nikaona bega la dada yangu, kisha nikauona mdomo wa mama yangu umefunguka wote, na yale meno yaliyobaki, ambayo kwa kweli si mengi, yakionekana vizuri kabisa. Alikuwa anacheka bila sauti, kama watu wanavyocheka wakikosa pumzi. Sauti ilipomrudia ilikuwa ya kuita majirani.

"Mmesikia? Ananitukana! Mjukuu wangu ananitukana!"

"Na babu alinipenda mimi," binti akaongeza, sasa kapata moto. "Alinipa pipi."

"Alikupa kwa huruma! Alidhani una njaa, na vimiguu vile!"

"Miguu yangu inatembea kwenye theluji. Yako inakwenda chooni tu."

"Weee!" mama akapiga ukelele wa furaha, na palepale ule mraba mweusi ukatoweka. Betri. Ilikuwa imesahauliwa nje ya kwapa.

Mume wangu akanitazama. "Unalia."

"Vumbi."

"Mvua imenyesha sasa hivi. Vumbi la wapi?"

Baadaye nilimuuliza binti ni nani aliyemfundisha kutukana namna ile. Akanijibu kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili nisipate pa kujificha: "Mama, nimelelewa na wewe."

Wiki iliyofuata nikampigia mama, simu ikawa inatumika. Nikampigia binti, nayo inatumika. Nikatengeneza chai, nikanywa, nikapiga tena. Wote wawili bado. Nilikuwa nimezoea kuwa daraja kati yao, nikijilalamikia kwa mzigo, na sasa hakuna aliyenikanyaga. Basi nikafanya kitu nisichowahi kufanya. Nikatoka uani kutazama juu.

Giza lilikuwa limeingia. Nikachukua buti la bustani la mume wangu, nikaitumbukiza simu imeegemea kisigino, nikaielekeza kule mlimani kwenye nyumba ya darubini, nikashika pumzi. Picha ikatoka na nyaya za ukuta wa jirani na juu yake duara kubwa la njano lenye miale. Niliiona nzuri. Nikaituma kwa wote wawili na maneno, "Mianga ya Observatory."

Jibu likaja kutoka kaskazini, limeandikwa kwa Kiswahili.

"Mama, nimemweleza bibi picha yako. Anasema hata yeye na macho yake anaona kwamba hiyo ni taa ya jirani. Anasema pia, rudi kwenye kochi. Tunaongea."