Jipe Lililofukizwa Udi

Vijana, nyinyi mkiona rangi mpya mnadhani na chuma ni kipya. Juzi mjukuu wangu Saidi kaniletea uani gari kuukuu aina ya jipe, pamoja na mtu anayeliuza; Saidi anataka tulibadilishe na shamba letu la minazi. Nikafungua mlango. Ndani kunanukia udi.

Harufu ile ilinirudisha kijijini kwetu Quionga, alasiri moja nikiwa mdogo. Mtu wa Tungue alimletea baba jipe lililofukizwa udi mpaka kwenye viti. Kwetu anayefukizwa ni bibi harusi, basi nikajua gari linaolewa, nikawa nangoja vigelegele. Nikapitisha kidole chini ya mlango, nikakilamba. Chumvi tupu.

"Baba, gari limetoka jasho!"

Watu wakacheka, mwenye gari kuliko wote. "Limetoka mbali, binti yangu, limechoka."

Mama peke yake hakucheka. "Baba Zuhura, gari hili limelala baharini."

Baba akamwambia aende jikoni.

Akatoa minazi yake, akapata jipe. Kabla mvua hazijaisha sakafu ya gari ikaliwa na kutu, ikamong'onyoka kama mkate uliolowa, nasi tukawa watu wa kuomba nazi kwa jirani. Leo najua: lilikwama ufukweni, maji yakajaa yakalifunika, na udi ulikuwa wa kuficha harufu ya tope.

"Bibi, udi ni heshima tu," Saidi akaniambia.

Nikamgeukia mkewe. "Mpe mwenye gari maji anywe, aondoke na gari lake. Na wewe Saidi, chukua panga, ukafyeke chini ya minazi."