Kioo cha Kinyozi

Kinyozi akifunga duka jioni hurudi na kile kioo cha mkono anachowaonyeshea wateja kisogo. Huvuta kigoda hadi mbele ya tangi la samaki sebuleni, akakunja mikono ya shati, vidole vyake vimejaa makovu ya meno ya samaki, kisha akakisimamisha kioo kwenye ubavu wa tangi. Samaki ni mmoja tu, mkubwa kama kiatu, ana nundu kwenye paji la uso, na kila mwenzake aliyewahi kutiwa humo alimuua. Akiiona sura yake hutanua mapezi akaivamia, maji yakaruka hadi sakafuni. Bintiye, aliyehamia hapo tangu mama yake azikwe, hajauzoea mchezo huo.

"Baba, mbona unamchokoza?"

"Simchokozi. Asipopata wa kugombana naye hujilaza pembeni, hata chakula hagusi." Akayatazama maji yaliyotapakaa. "Mama yako angekuwepo, angeshanisema."

Binti alilijua hilo. Alikua akiwasikia wakizozana kutwa, mara chumvi, mara redio, mara maji haya haya. Yeye mwenyewe hakuwahi kumpandishia baba yake sauti. Akashika kiuno.

"Na haya maji atayafuta nani? Nyumba hii imekuwa bwawa?"

Kinyozi akageuka, akamtazama. Kisha akainuka kufuata tambara, akinung'unika njia nzima kwamba humu ndani mtu hapumziki. Chakula cha usiku, alichokuwa akikidonoa tu tangu mazishi, siku hiyo alikimaliza.