Majibu Yaliyopishana Njiani

Marehemu Masalu Machibya, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuuliza. Hata padri akimaliza mahubiri, yeye alibaki na swali.

Mwaka 1999 alikuwa akitunza kompyuta tatu za hospitali ndogo ya misheni, mtaa wa Pasiansi. Kumbukumbu za wagonjwa zilikaa kwenye seva, ile kompyuta kuu ya chumba cha nyuma. Kila muuguzi alipotafuta kadi ya mgonjwa, ukurasa mzima kwenye kioo ulifutika na kuanza upya, na alichokwisha kuandika kikapotea. Masalu akaandika programu kwenye seva, ukurasa ukawa unaomba kipande kinachotakiwa tu, huku muuguzi akiendelea na kazi yake.

Siku ya nne, muuguzi Paskazia aliita kadi ya Mzee Shimba. Ikachelewa. Akaiacha, akaita ya Evelina, mjamzito aliyeketi mbele yake. Ya Evelina ikaja. Punde ya Shimba ikafika na kuifunika.

"Masalu! Mama huyu ana tezi dume? Mashine yako imelewa?"

Wodi nzima ilicheka, isipokuwa Sista Rebeka, mkuu wa wauguzi. "Leo tezi, kesho mtu atawekewa damu isiyo yake. Isipopona kufikia Jumatatu, tunarudi kwenye makaratasi."

Masalu alijaribu tena na tena, saa mkononi. Kumbe seva haikukosea. Majibu yote yalikuwa ya kweli, ila lililotangulia kuombwa lilichelewa kufika. Sasa ukurasa utajuaje jibu hili ni la swali lipi?

Jumapili, baada ya misa, mjomba wake Ngosha alirudi kwa kivuko cha Kamanga kutoka kupeleka posa ya Masalu ng'ambo ya ziwa. Kwa desturi ya ukoo wao, mshenga hatoi jibu kabla ya kurudia maneno aliyotumwa.

"Mlinituma nikaseme hivi..." akaanza.

"Shikamoo, mjomba. Unarudia ya nini, na sisi ndio tuliokutuma?"

"Marahaba. Wiki hii nimetumwa na nyumba mbili. Unataka nikuletee mchumba wa jirani?"

Masalu hakungoja hata chai. Alikwenda hospitalini, akaliwekea kila ombi namba, seva ikawa inairudisha pamoja na jibu. Jibu lisilo na namba ya ombi la mwisho, ukurasa uliliacha.

Jumatatu Sista Rebeka alijaribu mwenyewe: akaita Shimba, papo hapo akaita Evelina. Kadi ya Evelina ikaja, ikatulia. Akarudia mara saba.

"Haya, ibaki," akasema, kisha akasogea karibu na kioo. "Ila hilo jibu lililokataliwa, linakwenda wapi?"

Masalu akamvutia kiti.