Barafu Zilizonuka Moshi

Wiki iliyopita nilikuwa Chato kwa shughuli zangu, nikafikia kwa mama mmoja mkarimu. Akaniletea maji kwenye bilauri, akasema kwa aibu, "Dada, unisamehe, yananuka moshi kidogo." Jamani! Nilitamani kumkumbatia. Mimi ni mtu wa kushuku, ndugu zangu wote wanalijua hilo. Maji ya ugenini huwa nayanusa, nayatazama kwenye mwanga, kisha naaga na kiu yangu. Lakini yale yalinuka moshi, na maji ya moshi nayajua tangu utotoni.

Tulikaa Nyasubi, pale Kahama. Baba alikuwa machimboni Geita, akija nyumbani siku anazojaliwa, na mama alikuwa na friza kuukuu iliyonguruma kama ng'ombe mgonjwa. Humo alitengeneza barafu za ndimu. Ndimu alizikamulia kwenye jagi, akachuja mbegu kwa kitambaa cheupe, akakwangulia humo ganda la ndimu moja tu, maana likizidi barafu inakuwa chungu. Sukari aliikoroga mpaka kijiko kisisikike tena kikikwaruza chini. Kisha tulimimina kwenye vifuko vyembamba, mama akipiga fundo kwa kidole na jino, chap, na kuvilaza frizani kimoja kimoja. Asubuhi nilikwenda navyo shuleni ndani ya ndoo yenye kifuniko, nimeizungushia kipande cha blanketi.

Kazi yangu mimi, Kabula wa darasa la tano, ilikuwa kuchemsha maji. Tulitumia jiko la pumba: debe lililoshindiliwa pumba za mpunga tulizopewa bure mashineni, lina tundu katikati ya kupitisha moto. Kuwaka linawaka, ila moshi wake, weee! Uliingia mpaka ndani ya sufuria. Barafu zetu zilikuwa na ladha ya ndimu, ya sukari na ya moshi, na shuleni wakanibatiza jina, Kabula Moshi. Jina lile liliniuma kuliko fimbo.

Mvua zilipoanza, pumba zikalowa. Alasiri moja mama alikuwa sokoni, mimi nimeinama napuliza jiko mpaka machozi na kamasi vinachanganyika, na nje wenzangu wanacheza mdako. Nikayatazama maji ya kisima kwenye ndoo. Yalikuwa safi, yametulia. Nani atajua? Nikayamimina kwenye sufuria, nikafunika, nikaiweka mahali pake. Mama aliporudi aliyakuta yamepoa, kama siku zote.

Kesho yake barafu ziliisha kabla kengele ya mapumziko haijalia mara ya pili. Limi, rafiki yangu wa dawati moja, alilamba ya kwanza akarudi kuchukua nyingine. "Kabula, leo hazina moshi!" alipiga kelele, na kila mtu akasikia. Nilitembea siku ile kama bibi harusi.

Siku iliyofuata dawati lilikuwa langu peke yangu. Jioni tukasikia kwamba Limi anaharisha na kutapika, amelazwa, ametundikiwa dripu, na macho yameingia ndani. Watu walisema huenda asiamke. Na mimi, badala ya kusema ninachokijua, nikaanza kushuku. Nilishuku maembe mabichi aliyokula Limi njiani. Nilishuku dagaa wa kwao. Nilimshuku hata yule mama wa barafu za ubuyu, nikajiambia ametutilia kitu kwa wivu. Bibi yangu wa Kishapu alizoea kusema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilipekua nguo za kila mtu, isipokuwa zangu.

Mama Limi hakukawia kuja, na majirani wawili nyuma yake. Hata salamu hakuitoa.

"Mama Kabula, mwanangu yuko kitandani. Daktari anauliza alikula nini. Alikula barafu zako."

"Maji yangu yanachemshwa, mama," mama alijibu. "Kabula ndiye anayeyachemsha. Kabula! Njoo hapa. Uliyachemsha?"

Macho yote yakanigeukia.

"Niliyachemsha, mama. Haki ya Mungu."

Mama akaingia ndani, akatoka na barafu moja ya siku ile iliyosalia frizani. Akang'ata kona ya kifuko, akafyonza. Akafyonza tena, polepole. Aliitazama ile barafu, hakunitazama mimi. Nilijua anatafuta nini kwenye ulimi wake, na nilijua hakipati.

"Mama Limi," akasema, "mtoto alichemsha. Ni mimi niliyepungukiwa, nikaongeza maji ya ndooni. Kosa ni langu, dada yangu. Nisamehe."

"Wewe? Mtu mzima?" Mama Limi akaangua kilio. Waliyoyasema wale majirani siwezi kuyarudia hapa.

Mama alijifunga kanga akawafuata hospitali, akashinda huko siku mbili akimnywesha Limi uji kwa kijiko. Limi alipona, Mungu ni mwema. Barafu zetu hazikupona. Friza ikageuka kabati la nguo, na sokoni wanawake waliacha kumwita mama kwenye mazungumzo yao.

Na mimi je? Nawaambia ukweli, mnicheke au mnichukie: nilimshuku mama. Nilijiambia huenda kweli aliongeza maji, huenda kosa ni lake na mimi sina hatia. Siku mbili nzima nililala usingizi mzuri kwa uongo alionitungia yeye.

Siku ya tatu akarudi, akanipa sufuria. "Kabula, kachemshe maji ya kunywa." Basi. Hakunipiga, hakuniuliza kitu. Maji yalipopoa, kabla wadogo zangu hawajagusa, mama alichota kikombe akanywa, na mimi nimesimama pale pale. Kesho yake vilevile. Mwezi, mwaka, mpaka nilipoondoka kwenda sekondari. Nilikichukia kikombe kile! Nilijua ananichunguza, anatafuta moshi. Nilichemsha mpaka maji yakapungua nusu sufuria, na bado alichota. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini lazima aanze yeye.

"Nina kiu," akasema.

Nikamshuku kwa jibu hilo pia. Nimemshuku miaka yote hii, mpaka wiki iliyopita nilipoketi Chato na bilauri mkononi, nikinusa kama kawaida yangu, tayari kuchovya ulimi. Hapo ndipo nilipomwona mama vizuri. Mtu anayeshuku huonja. Hugusisha mdomo, akasubiri. Mama hakuonja hata siku moja. Alikunywa kikombe kizima, mpaka chini, mbele ya macho yangu, akanirudishia kikiwa kitupu na kunishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwanangu." Maji ya mtoto aliyemdanganya na kuapa kwa Mungu.

Nikaacha kunusa. Nikainua ile bilauri, nikaimaliza bila kupumua.

"He, dada!" mwenyeji wangu akacheka. "Kumbe ulikuwa na kiu hivyo?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa na kiu.