Mchicha wa Boma la Halima

Asubuhi ile Halima, mfugaji jirani yetu, alinijia na maziwa, nami nikampimia mahindi, kama tulivyozoea miaka yote.

"Maziwa yako leo yameoga mtoni," nikamtania.

"Na mahindi yako nyani amechagua kwanza," akajibu, tukacheka.

Siku ya tatu yake kijiji chetu cha wakulima kilichomwa moto katika vita na wafugaji. Tulikimbilia uwanja wa shule, Garsen. Chakula kilikuwa mahindi makavu ya msaada, asubuhi na jioni, mpaka watoto wakachanika pembe za midomo. Mimi ni mwalimu, kukaa bure siwezi. Nikawaambia, "Tutalima hapa hapa!"

Lo, furaha ile! Wakaleta madumu yaliyokatwa, magunia, sufuria zilizotoboka. Wakagombania kubeba mchanga utadhani wameitiwa pilau. Mbegu za mchicha nilikuwa nimekimbia nazo katika pindo la leso.

Mchicha ukaota, ukawa manjano, ukafa. Tukapanda tena, ukafa tena. Watu wa ukingoni hatujui mbolea: mto hufurika, huacha tope, nasi tunapanda. Ualimu wangu wote ukaishia pale. Mbegu zikabaki kiganja kimoja, na kila asubuhi watoto waliniuliza tunapanda lini. Niliona aibu kuwatazama.

Nadhani habari ilimfikia Halima sokoni. Mchana mmoja akatokea langoni na punda, magunia mawili mgongoni.

Wanaume wetu wakainuka na mapanga.

"Huyo mfugaji ameficha nini?"

Halima hakurudi nyuma.

Nikaenda, nikatia mkono guniani mpaka kiwikoni.

Samadi. Kavu, laini, ya miaka mingi.

"Mwalimu, mchanga hii yenu haina nguvu," Halima akasema. "Changanya na hii ya boma yetu. Maji kidogo kidogo."

"Mwenyewe je? Ng'ombe wazima?"

"Ng'ombe hakuna. Baba watoto pia hakuna. Walimkuta mlango ya boma."

Akamwaga magunia, akamgeuza punda. Nilimwita, hakugeuka.

Tulipanda kile kiganja cha mwisho. Siku ya nne watoto waliniamsha kwa kelele: umeota! Wiki ya nne majani yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, nao wakacheza wakizunguka madumu huku nikicheza nao, mtu mzima mimi, leso ikiniporomoka. Tuliuchuma, tukaupika, na midomo ikapona. Sijawahi kufundisha somo likanipa raha kama lile.

Siku hizi nawafundisha wanafunzi wangu wa darasa la nne kupanda kwenye magunia, na huwasimulia hayo. Hushangilia pale mchicha unapoota. Kisha mmoja huuliza nani aliyemuua mume wa Halima.

Huwajibu kweli. Ni watu wa kwetu. Baadhi yao walikula mchicha ule pamoja nasi, na mimi ndiye niliyewapakulia.