Haibridi ya Nekesa

Leo nimefundishwa haibridi. Mimi! Mkulima wa mahindi wa Lumakanda mzima!

Mjukuu wangu Nekesa anasomea kompyuta huko Sigalagala. Ametengeneza programu ya simu ya kuonyesha bei ya mahindi, akaileta kwa kikundi chetu cha wakulima. Tukiikubali, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza.

Akaanza: "Wazee wangu, programu hii ni haibridi."

Nikasimama. Nani angenizuia?

"Haibridi inataka udongo mzuri! Mimi nilipanda mbegu ya haibridi baba yako hajaota meno!"

Makofi. Mnanijua, nilibaki nimesimama.

"Kuka," akaniita mimi babu yake, "hii ni ya simu, si ya shamba."

Mimi sirudingi nyuma. "Haibridi ni haibridi! Lazima iwe na baba na mama. Wako wapi?"

Akacheka. "Baba ni tovuti, mama ni simu. Nimeiandika mara moja kama tovuti, nikaivalisha nguo ya programu. Sasa inaingia simu janja ya kampuni yoyote."

Wazee wakasema ahaa! Wakaikubali hapo hapo.

Sasa semeni ukweli: bila swali langu, nani angeelewa?

Nikamnyooshea simu yangu, mulika mwizi ya vitufe na tochi tu. "Haya, niwekee ya kwanza."

Ikakataa kabisa.

"Mbegu yako ni mbaya," nikamwambia.

"Kuka, si umesema haibridi inataka udongo mzuri?"

Bado wanacheka. Hii naiandika kwa simu janja ya Nekesa, na sirudishi.